Kiingereza unacho, wanaokusumbua ni Wamarekani wenyewe

Kila ndugu au rafiki akishapata viza, swali la kwanza analonitumia WhatsApp ni lile lile, dada nisome kitabu gani cha Kiingereza kabla sijaja huko. Siku hizi jibu langu fupi, usisome chochote, kaa na mama yako, kula ndizi za kutosha, utazikumbuka. Kama umemaliza form four bongo na Kiingereza ulikuwa unapata hata C basi grammar inakutosha, mbona kuna Wamarekani wamezaliwa hapa hapa wanaandika "your" mahali pa "you're" na mshahara wanapokea kama kawaida. Kitakachokusumbua ni kwamba utaelewa kila neno kwenye sentensi, moja moja, na bado usijue umeambiwa nini. Hiyo ndo nataka niiongelee leo na itakuwa ndefu kidogo, chemsha chai.

Mimi niko Minnesota, kaskazini kabisa huku ukitoka tu unaingia Kanada. Nilianzia kazi kwenye nyumba ya wazee kama Wabongo na Wakenya wengi wanavyoanzia, sasa hivi niko ofisi ya kliniki napanga ratiba za wagonjwa na kubishana na makampuni ya bima kwenye simu kutwa nzima. Kwahiyo haya ni ya huku, mtu wa Houston au wa New York anaweza akakwambia tofauti kabisa na asiwe muongo, nchi kubwa hii bana, hata soda wenzetu wengine wanaiita pop.

Nianze na nyumba ya wazee maana pale ndo nilifundishwa, tena bure, tena nikilipwa.

Ukitaka kuwa CNA, yaani msaidizi wa nesi, sheria ya shirikisho ya tangu 1987 inataka upate mafunzo yasiyopungua saa 75. Watu wanadhani utafundishwa kugeuza mgonjwa na kupima presha, ni kweli unafundishwa, lakini nusu ya kazi ni namna ya kuongea. Huwezi kuingia chumbani kwa bibi wa watu ukamwambia amka tukaoge. Unabisha hodi hata kama mlango uko wazi na anakuona, unasema jina lako, unasema umekuja kufanya nini, halafu unampa achague. Bibi uamke sasa hivi au nikupe dakika kumi? Sweta ya bluu au nyekundu? Ukienda kwenye mtihani wa vitendo, kumweleza mtu unachofanya kabla hujamgusa kuna maksi zake kabisa. Na akikataa kuoga amekataa, ni haki yake kisheria, unaandika kakataa unamwambia nesi. Kwa sisi tuliozoea kwamba mgonjwa hana kauli, ukienda hospitali unageuzwa kama samaki kwenye kikaango hakuna aliyekuuliza, hili jambo linashangaza sana mwanzoni. Unaona kama wanapoteza muda.

Lakini ukikaa nalo unagundua Kiingereza cha huku chote kimekaa hivo hivo. Mtu anapewa nafasi ya kuchagua kwenye kila sentensi. Wakati mwingine nafasi ni ya kweli, kama ya yule bibi na sweta, na wakati mwingine ni pambo tu, hakuna cha kuchagua hapo, na kazi yako wewe mgeni ni kujua ipi ni ipi. Asikudanganye mtu kwamba Wamarekani wananyoosha maneno. Wanazunguka hao! Watu wa Pwani tunasingiziwa tu.

Mfano wa ofisini. Bosi anakuja mezani kwako anatabasamu anakuuliza, "Do you want to take a look at this before lunch?" Mbongo mgeni anajibu kwa moyo mweupe, no thank you. Hajakosea Kiingereza huyo, kaulizwa kama anataka kasema hataki, tena na asante juu. Ila ile ilikuwa amri. Wakikwambia "when you get a chance" maana yake leo. Wakikwambia "you might want to double-check those numbers" maana yake umekosea, rekebisha, na mimi nimeshaona. Ukitoa wazo kwenye kikao mtu akasema "that's interesting" halafu akahamia ajenda nyingine, wazo lako limeshazikwa, usilifuate makaburini. Na siku bosi akisema yuko "a little concerned" acha kila unachofanya, hiyo "a little" isikudanganye hata kidogo.

Namna ya kujibu ni kutaja muda. "Sure, I can have it to you by two." Basi. Umekubali, umeonyesha umeelewa ni leo, na kama yeye alikuwa anamaanisha wiki ijayo atakwambia hapana usijali. Kama hujaelewa uliza, rudia kwa maneno yako, "so you need this one first?" Kwetu ukimuuliza mkubwa mara mbili anakuona huna akili au unamdharau, huku wanaopata shida ni wanaoitikia yes yes halafu wanaenda kufanya kitu kingine.

Na hapo kwenye yes nikae kidogo, maana upande wetu pia tunawachanganya. Sisi kumkatalia mtu usoni ni ukatili. Mtu akikualika harusi na unajua kabisa hutaenda unamwambia inshallah, nitajaribu, na yeye anaelewa, hakuhesabii sahani. Sasa mbongo kaombwa kuja shifti ya Jumamosi, hataki, anasema "I will try". Msimamizi kaandika jina lake kwenye ratiba. Jumamosi hajatokea, hajapiga simu, na huku hiyo ina jina lake kabisa, no call no show, na kwenye nyumba nyingi za wazee mbili tu za hivyo barua ya kuachishwa inakuja. Mwambie tu Jumamosi hii siwezi, samahani, bila hata kueleza sababu, na hakuna atakayekununia. Mimi nilichukua muda mrefu kuamini kwamba hawanuni.

Kingine tunachojiponza nacho ni adabu yetu kubaki Tanga tukipanda ndege. Dukani nyumbani husemi nipe sukari, unasema naomba sukari, unaomba na hela mkononi unayo! Sasa tukihamia kwenye Kiingereza lile "naomba" linadondoka njiani, tunasema give me water, I want coffee, kwa sauti ya upole kabisa, lakini Mmarekani hasikii upole wa sauti anasikia amri. Sema "can I get a coffee" au "could I have", na "please" mwishoni, na umemaliza. Kwa wenzako kazini sema "would you mind", sema "is it OK if I". Chukua ule ule unyenyekevu wa kuomba chumvi kwa jirani uuvalishe Kiingereza.

Nilikuwa bado kwa wazee. Jamani kama unataka kujua Marekani, kaa na mzee wa miaka 90 saa nane mchana ameshakula hana mgeni. Anaongea taratibu, anarudia stori ile ile kesho na keshokutwa mpaka wewe mwenyewe unaweza kuimalizia, ukikosea neno anakurekebisha na hana haraka ya kwenda popote, mwalimu gani wa kulipia atakufanyia hivo. Kwao nimejifunza hotdish ni chakula gani (nyama ya kusaga, supu ya kopo ya uyoga, na vipande vya viazi juu, vyote kwenye oveni, usicheke, kwenye baridi kinaingia), nimejifunza watu walivyoishi kwenye mashamba bila umeme miaka ya thelathini, vijana waliopelekwa Korea, mababu waliotoka Norway na Sweden na wakakataa kuongea Kiingereza nyumbani mpaka watoto wakaanza kuwaonea aibu. Hiyo ya mwisho ilinikaa sana. Maana tunavyowachukulia hawa watu ni kama Kiingereza walizaliwa nacho toka enzi, kumbe bibi wa huyu bibi alikuwa na lafudhi kama mimi tu na alichekwa vile vile. Majina ya watu sitaji na stori zenyewe nimezichanganya, sheria ya siri za wagonjwa huku, HIPAA, wanaiheshimu kuliko amri za Mungu.

Haya masikio sasa. Ukitua utaona hawa watu wanameza herufi. T ikikaa katikati ya neno inageuka kama r yetu ya haraka, water inakuwa wara, meeting inakuwa mirin, na twenty ile t ya pili haipo kabisa, tweni. Ila linaloumiza ni can na can't. Sisi tulifundishwa kwa mtindo wa Uingereza, kaant, unaisikia tofauti mita mia. Huku t ya can't inamezwa, kwahiyo usiitafute t, sikiliza uzito. "I can go" ile can inapita haraka haijulikani hata vokali yake, aikn-go. "I can't go" ile can't inakaa, inabonyezwa, inasikika. Na wewe ukiongea fanya hivo hivo, maana sisi tunabonyeza kila neno kwa usawa, ukimwambia mtu I CAN come kwa ule mkazo wetu anasikia huwezi kuja, na mwenzio unamsubiri akupitie na gari.

Mkazo ndo siri yenyewe ukiniuliza mimi. Kiswahili karibu maneno yote mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, hatufikirii hata. Tunaubeba tunaupeleka kwenye Kiingereza, tunasema vejiTAbo, komfoTAbo, kila silabi na haki yake kama sensa, na Mmarekani anakukodolea macho. Yeye anabonyeza mwanzo halafu anameza katikati, VEJtabo, KAMFtabo. Ukirekebisha mkazo tu, hata lafudhi yako ikibaki ya Ngamiani kule Tanga, watu wanaacha kukwambia "sorry?" kila dakika. Na kuna sehemu tunawazidi wageni wengi, ile th. Mfaransa inamtesa, Mrusi inamtesa, sisi tuna thelathini na dhahabu. Ila kama wewe ni wa selathini na zahabu, pole, nenda kaanze na Kiswahili kwanza kabla hujaja huku!

Msamiati wa Uingereza huo utaurekebisha ndani ya wiki chache huna haja ya kukariri. Petrol ni gas, boot ya gari ni trunk, torch ni flashlight, lorry ni truck, na herufi ya mwisho ni zii. Ghorofa ya chini wao ndo wanaiita first floor. Namba ya simu usiseme double seven, taja saba saba moja moja, ukisema double mtu anaacha kuandika anakuangalia. Na rubber, ile ya kufutia penseli, huku ni kondomu, usiiombe kwa jirani ofisini. Inaitwa eraser.

Ambacho kweli kinaleta hasara ni tarehe na saa, na hili naliona kila siku kwenye kazi yangu. Huku wanaanza na mwezi. Ukiandikiwa 3/4 ni Machi 4, sio Aprili 3, na watu wetu wanakosa miadi ya daktari kwa ajili hiyo, wengine walishasubiri mtaalamu miezi. Halafu kuna Waswahili wenzangu wa kutoka Kongo na kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, ukimwambia kwa Kiswahili saa nne asubuhi anakuja saa nne sawa sawa, lakini mtoto wake anayejua Kiingereza kamsomea meseji ya kliniki "10" na yeye anajua 10 ni saa kumi, anafika jioni tumefunga. Mimi sasa nikiongea nao nataja zote mbili, saa nne ya kwetu, ten ya kwao, naonekana kama nahubiri lakini wanafika.

Salamu. Hapa nataka niwatetee Wamarekani kidogo maana wanaonewa. Kila mbongo akifika analalamika eti wanafiki hawa, wanakuuliza "how are you" halafu hawasubiri jibu wanapita. Na sisi je? Mtu kalala kitandani ana malaria unamwuliza hujambo anakujibu sijambo. Habari? Nzuri. Hata msibani mtu anaulizwa habari za hapa na anasema nzuri ndo anaendelea na kilio. Tofauti ni kwamba sisi baada ya nzuri kuna "ila", nzuri, ila mgongo, nzuri, ila watoto ndo hivyo, na mambo yote yako baada ya ila. Wao ila hakuna. "Good, you?" na unaendelea kutembea, hujakosewa heshima, ni hodi tu ile.

Ila yao ipo, iko mahali pengine. Ipo kwenye lifti, kwenye mashine ya kahawa, dakika tatu kabla mkutano haujaanza. Pale ndo watu wanaamua kama wewe ni mtu wa kufanya naye kazi, na sisi pale ndo tunatoa simu tunajifanya tunasoma. Mada zenyewe nyepesi, wikendi ulifanya nini, mbwa wake hajambo (muulize mbwa kwa jina, utapendwa), na hali ya hewa. Nilikuwa naona hali ya hewa ni mada ya watu wasio na cha kuongea. Mpaka nikakaa msimu mmoja hapa. Hii ni sehemu ambayo Februari 2, 1996 kijiji kinaitwa Tower kilipima nyuzi 60 chini ya sifuri za Fahrenheit, hewa ya hivyo inakuua kwahiyo lazima iongelewe. Jifunze Fahrenheit mapema, maji yanaganda 32, mwili ni 98.6, na zikifika 40 chini ya sifuri Fahrenheit na Selsiasi zinakutana hapo ni namba moja, wala hauhitaji kugawanya, kaa ndani tu.

Usivyouliza unavijua, mshahara, dini, mbona hujaolewa, mtoto wa pili lini. Na umenenepa usimwambie mtu. Nyumbani ni sifa, inamaanisha maisha yamekukubali, huku ni vita.

Kitakachokupa marafiki haraka kuliko yote ni michezo. Mimi sikuwa na habari na mpira wao huu wa kushika mkononi, American football, lakini sheria yake ya msingi ni rahisi, timu ina nafasi nne za kusogea yadi kumi, wakifanikiwa wanapewa nne nyingine, wakishindwa wenzao wanachukua. Hiyo tu inatosha kukaa na watu sebuleni Jumapili. Timu ya hapa ni Vikings, na hawa wamefika Super Bowl, yaani fainali, mara 4 na zote 4 wamefungwa, kombe hawajawahi kuligusa. Kwa hiyo shabiki wa Vikings ana ile huzuni tunayoijua sisi, Jumatatu asubuhi ofisi nzima kama Kariakoo upande wa waliofungwa juzi, na mgeni ukifika ukasema tu "that last quarter, oh my" unaletewa kiti. Baseball mimi bado naona usingizi, lakini maneno yake yamejaa ofisini, "touch base" ni tuwasiliane kidogo, "rain check" ni tuahirishe siku nyingine, na mtu akisema "just give me a ballpark" anataka kadirio tu usiende kupiga hesabu mpaka senti.

Kualikwa nyumbani kwa mtu ni somo lake. "We should get together sometime" huo bado si mwaliko, ni salamu ndefu, mwaliko una siku na saa. Ukipewa saa kumi na mbili jioni nenda kumi na mbili na dakika tano, usiende saa mbili usiku ukakuta wanaosha vyombo, na usiende na binamu zako watatu ambao hawajaalikwa hata kama ni watu wazuri. Wakisema potluck maana yake kila mtu anakuja na chakula, peleka pilau au sambusa utakuwa nyota wa jioni ila pilipili punguza, tena punguza nyingine. Kuna kitu cha Minnesota kilichonifanya nijisikie nyumbani kabisa, kipande cha mwisho kwenye sahani hakuna anayekichukua, wanakikata nusu, halafu nusu ya nusu, mpaka kinabaki kama kidole. Na kuaga! Mtu anasimama anasema haya sisi twende, anaongea nusu saa amesimama, wanahamia mlangoni wanaongea, wanatoka hadi kwenye gari kioo kimeshushwa bado wanaongea. Wenyewe wanajicheka, wanaiita Minnesota goodbye, wanadhani ni ugonjwa wa kwao peke yao. Nikawaambia kwetu kumsindikiza mgeni hadi njia panda ndo ustaarabu.

Hotelini mkienda wengi kila mtu analipa chake, ukisema "let's go eat" haina maana umewalipia. Bakshishi ni 15 mpaka 20 kwa mia. Kuna majimbo mhudumu analipwa dola 2.13 kwa saa kisheria, kiwango cha shirikisho cha tangu 1991, anategemea hiyo bakshishi. Minnesota sheria haiko hivyo, mhudumu analipwa kima cha chini kamili, lakini bakshishi inatarajiwa vile vile kwahiyo usije ukamwelezea sheria dada wa watu aliyekuletea chakula.

Interviu. CV ya kwetu ina tarehe ya kuzaliwa, dini, hali ya ndoa, mara nyingine na picha ya pasipoti kona ya juu. Futa vyote. Mwajiri huku akiona umri wako na dini anashika kichwa, kuna sheria za kuzuia ubaguzi, ile ya haki za raia ya 1964 na ya umri ya 1967, hataki hata kujua. Ukurasa mmoja, wa pili kama una mengi. Na kwenye maswali, ile "tell me about a time when" wanataka stori, ilikuwa wapi, ulitakiwa ufanye nini, WEWE ulifanya nini, ikaishaje. Hapo ndo tunaanguka. Tumelelewa kusema "tulifanya", kujisifu ni utovu wa adabu, anayejisifu mtaani tunamjua anavyoitwa. Mbongo kaendesha wodi nzima peke yake usiku anasema "we tried our best". Anayekuhoji hawezi kuajiri "we". Nenda kajirekodi kwenye simu ukisema I did, I noticed, I called the nurse, mpaka aibu ikuishe. Na muangalie usoni, najua shule tulifundishwa kuangalia chini mbele ya mkubwa, huku wanadhani unaficha kitu. Mkurugenzi utamwita jina lake la kwanza, na shikamoo yako utaitunza ya kumpigia mama.

Kuna jambo moja si la Kiingereza lakini bila hilo huongei na watu vizuri. Ukitua hapa wewe ni Mweusi, sio Msambaa, sio Mdigo. Historia ya Wamarekani weusi inakuja na wewe hata kama hukuisoma, na mimi naishi Minneapolis, mji ambao George Floyd, Mmarekani mweusi, aliuawa na polisi Mei 25, 2020, watu hapa wana kumbukumbu za barabara hizo hizo unazopita kwenda kazini. Sikiliza kwanza, uliza taratibu, usianze na zile habari za "mbona sisi tunakuja tunapata kazi". Na lile tusi la watu weusi linaloanzia na N unalolisikia kwenye nyimbo, liache huko huko kwenye nyimbo. Kiingereza cha Wamarekani weusi kina sarufi yake, si makosa, lakini ukianza kukiongea wiki ya kwanza unaonekana unawaigiza, waache wakuzoee.

Lafudhi wengi wanaiogopa bure. Tume ya usawa kazini, EEOC, iko wazi kwamba lafudhi haiwezi kuwa sababu ya kukunyima kazi mpaka iwe kweli inakuzuia kufanya kazi yenyewe. Kueleweka ndo muhimu. Chukua dakika moja ya taarifa ya hali ya hewa kwenye redio, sikiliza, rudia nao pamoja kwa sauti, kesho dakika ile ile tena. Tamthilia weka maandishi ya Kiingereza chini. Maktaba za umma kadi ni bure na nyingi zina vikundi vya kukaa na kuongea, na hapa Minnesota madarasa ya watu wazima, Adult Basic Education, hulipi hata senti, mradi umri umefika 17. Simu ndo mtihani wa mwisho kwa sababu huoni mdomo wa mtu, usikwepe, piga mwenyewe kampuni ya umeme, ukishindwa sema "could you say that one more time, a little slower" na watarudia.

Na wewe unayekuja Januari, koti usinunue Kariakoo. Hilo la mtumba ulilopewa linatosha kutoka airport hadi kwenye gari, la kweli utanunua huku, tena nguo Minnesota hazina kodi ya mauzo kwahiyo bei unayoiona kwenye lebo ndo hiyo hiyo utalipa.